Kompyuta Hufuata Agizo: Somo la Kwanza la Lugha ya C



Msimu wa korosho ufikapo, mkulima wa Msimbu, katika wilaya ya Kisarawe, huchukua magunia yake akayapeleka mizanini. Zamani karani alisoma mizani, akaandika kilo katika daftari, akazidisha kwa bei. Mkulima aliyejua kusoma aliweza kuchungulia begani kwa karani na kuhakikisha hesabu. Siku hizi, mahali pengi, kilo huingizwa katika kompyuta au katika simu, na jumla hutoka hesabu imekwisha kufanywa. Mkulima hupewa karatasi, au hupata ujumbe. Jumla anaiona. Njia iliyopitwa mpaka kuifikia jumla hiyo haioni.

Je, ni nani aliyefanya hesabu ile? Wengi hujibu, "Kompyuta." Na jumla isipowapendeza, huambiwa, "Ndivyo kompyuta inavyosema," kana kwamba kompyuta ni hakimu asiyekatiwa rufani. Sivyo hata kidogo. Kompyuta haijui korosho, wala haimjui mkulima. Hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu, neno kwa neno, mstari kwa mstari. Maagizo hayo huitwa programu. Yakiwa sahihi, hesabu itakuwa sahihi. Yakiwa na kosa, mashine italirudia kosa lile mara elfu bila kuchoka na bila kuona haya.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ndiyo daftari la siku hizi. Basi yatupasa kuwa na watoto wanaojua kulisoma na kuliandika. Leo twataka kuwaonyesha umbo la programu ndogo, katika lugha iitwayo C. Usiogope, msomaji. Huhitaji kompyuta ili kufuata somo hili. Karatasi na kalamu vyatosha.

C NI LUGHA GANI?

Kompyuta yenyewe haijui Kiswahili, haijui Kiingereza, wala haijui C. Ndani yake kuna umeme uliopo na umeme usiopo, ambao mafundi huuandika kwa 1 na 0. Mtu akitaka kuiagiza kwa lugha hiyo ya 1 na 0 atachoka upesi, na atakosea mara nyingi. Ndiyo sababu wataalamu walitunga lugha za katikati: mtu aweza kuziandika na kuzisoma, kisha huandaliwa mfasiri wa kuzigeuza ziwe 1 na 0. Mfasiri huyo ni programu pia, na mafundi humwita kompaila.

C ni moja ya lugha hizo za katikati. Aliyeitunga ni Bwana Dennis Ritchie, aliyekuwa akifanya kazi katika Bell Laboratories, jimbo la New Jersey, Marekani, mnamo mwaka 1972. Jina lake halina fumbo. Kabla yake mwenzake, Bwana Ken Thompson, alikuwa ametunga lugha iitwayo B. Hii iliyofuata ikaitwa C. Mwaka 1978 Bwana Ritchie na Bwana Brian Kernighan walitoa kitabu cha kuifundisha, na wanafunzi wa nchi nyingi wamejifunza kwacho. Mwaka 1989 kanuni zake ziliwekwa rasmi huko Marekani, na mwaka uliofuata zikakubaliwa kimataifa. Bwana Ritchie alifariki mwaka 2011, lakini lugha yake ingali inafanya kazi.

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya Marekani, sisi wa Msimbu yanatuhusu nini?" Itazame simu ya kijana wa bodaboda. Kama ni ya namna ya Android, basi moyo wa programu zake ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Finland. Na sehemu kubwa kabisa ya Linux imeandikwa kwa C. Basi lugha hii imekwisha kufika Msimbu. Imo mifukoni mwetu. Tunaitumia kila siku bila kuijua.

Nchi yetu nayo si ngeni kwa mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo lililegezwa miaka ya baadaye. Mwaka 2004 wataalamu waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Tangu 1965 hata leo, jambo moja limeonekana: kununua mashine ni rahisi kuliko kupata watu wa kuiagiza vema.

PROGRAMU YA KWANZA: KUPIGA HODI

Mgeni mwenye adabu haingii nyumbani kwa watu kabla ya kupiga hodi. Wanafunzi wa C wana desturi kama hiyo: programu yao ya kwanza hutoa salamu tu. Desturi hiyo ilienea kutokana na mafundisho ya Bwana Kernighan, ambaye mfano wake wa kwanza ulikuwa kuusalimu ulimwengu. Sisi tutaisalimu Msimbu. Tazama:

#include <stdio.h>

int main(void)
{
    printf("Hodi, Msimbu!\n");
    return 0;
}

Ni mistari sita tu. Sasa tuieleze mmoja mmoja.

Mstari wa kwanza, wenye neno include, huomba msaada. C yenyewe ni lugha ya maneno machache. Kwa kanuni za mwaka 1989 ilikuwa na maneno yake maalumu 32 tu. Mtoto aliyejifunza katekisimu amekwisha kushika zaidi ya hayo! Hata kazi ya kuandika juu ya kioo cha kompyuta haimo katika maneno hayo. Kazi hiyo imetayarishwa pembeni, na jinsi ya kuiita imeelezwa katika faili liitwalo stdio.h. Basi mstari huu wasema: "Kabla hatujaanza, leta maelezo yaliyo katika stdio.h." Ni kama fundi seremala anayeleta sanduku la vifaa kabla hajashika ubao.

Mstari wa pili una neno main. Hapa ndipo mlango mkuu. Programu yaweza kuwa na kurasa nyingi sana, lakini kazi huanzia kwenye main, na main ni moja tu. Nyumba yaweza kuwa na vyumba kumi, lakini mgeni hupokewa kwenye mlango mmoja. Neno int lililotangulia laonyesha kwamba kazi ikiisha, main itarudisha namba kamili, yaani namba isiyo na sehemu. Neno void katika mabano lina maana ya tupu: main hii haikuhitaji kupewa kitu chochote ili ianze.

Mstari wa tatu na wa sita ni mabano yaliyopinda. Bano la kwanza lafungua, la mwisho lafunga. Yote yaliyo katikati yao ni mali ya main. Ni kama ua wa nyumba: kilicho ndani ya ua ni cha nyumba hii, kilicho nje si chake. Anayefungua bano asipolifunga, ameacha ua wazi, na kompaila itakataa kuendelea.

Mstari wa nne ndio kazi yenyewe. Neno printf laagiza maneno yaandikwe kiooni. Maneno yanayotakiwa huwekwa kati ya alama za mtajo. Ile alama \n mwishoni haitaandikwa, maana yake ni "shuka mstari mpya."

Sasa angalia mwisho wa mstari huo. Pana nukta-mkato. Katika C, kila agizo kamili humalizwa kwa nukta-mkato, kama sisi tumalizavyo sentensi kwa nukta. Usiisahau. Wanafunzi wa dunia nzima huisahau. Kompaila huona kosa hilo, ikataja na namba ya mstari. Lakini pengine hutaja mstari unaofuata, kwa sababu hapo ndipo ilipotambua kwamba agizo la kwanza halikuisha. Basi ukiambiwa mstari fulani una kosa, nawe huoni kosa, tazama uliotangulia.

Mstari wa tano, return 0, hutoa taarifa. Programu inamwambia aliyeituma, "Kazi imekwisha salama." Hiyo 0 ndiyo habari njema, namba nyingine yaweza kumaanisha kwamba jambo limeharibika. Tunajua katika Injili habari za wakili aliyeitwa na bwana wake kutoa hesabu ya kazi yake. Programu ya C nayo haiondoki kimya. Ikimaliza, hutoa hesabu kwa aliyeiagiza.

Hilo ndilo umbo lote: kuomba vifaa, kufungua mlango mkuu, kuandika maagizo kwa mpango kila moja likiwa na nukta-mkato, kutoa taarifa, na kufunga ua. Programu zilizo kubwa mara elfu zimejengwa juu ya umbo hilo hilo.

DAFTARI LA KOROSHO

Sasa turudi mizanini. Hapa chini pana programu ya kumhesabia mkulima mmoja. Bei tumeiweka kwa mfano tu, ili hesabu iwe rahisi:

#include <stdio.h>

/* Hesabu ya korosho za mkulima mmoja */
int main(void)
{
    int kilo;
    int bei;
    int malipo;

    kilo = 85;
    bei = 2000;
    malipo = kilo * bei;

    printf("Malipo ni shilingi %d\n", malipo);
    return 0;
}

Umbo ni lile lile, ila mambo manne yameongezeka.

La kwanza ni maelezo yaliyo kati ya /* na */. Kompaila huyaruka, haiyajali. Yameandikwa kwa ajili ya binadamu atakayeisoma programu kesho. Mwandishi mwema huyaweka, maana huenda mwenyewe akasahau aliyokusudia.

La pili ni vyombo. Kilo, bei na malipo ni vyombo vya kuwekea namba. Katika C, hakitumiki chombo kabla ya kutajwa jina lake na aina yake. Neno int lasema kwamba chombo hiki kitachukua namba kamili tu. Mama hapiki kabla ya kujua kama ana sufuria au ana ungo. Vitu viwili hivyo havibebi maji sawasawa. Tena uangalie: majina haya ni ya Kiswahili, na C haina neno. Ila herufi kubwa na ndogo ni tofauti kwake. Kilo na kilo ni vyombo viwili.

La tatu ni alama =. Shuleni tumezoea kuisoma "ni sawa na." Katika C isome "weka." Basi kilo = 85 maana yake "weka 85 katika chombo kiitwacho kilo." Kabla ya kuwekwa namba, chombo cha namna hii tusidhani ni kitupu. Chaweza kuwa na masalio yoyote, kama mtungi uliookotwa njiani. Anayehesabu kwa mtungi asioujua kilichomo, asishangae majibu. Nayo alama ya nyota ni kuzidisha.

La nne ni %d katika printf. Hiyo ni nafasi iliyoachwa wazi, kama nafasi katika fomu ya ubatizo. Namba iliyomo katika malipo itaingia hapo. Programu itaandika: Malipo ni shilingi 170000.

NUSU KILO IMEKWENDA WAPI?

Sasa, msomaji mpenzi, tafadhali fuata kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye shabaha ya makala haya.

Tuseme magunia ya mkulima huyu yana uzito wa kilo 85 na nusu. Karani mwaminifu anaandika kilo = 85.5 katika programu ile ile. Je, itatokea nini? Chombo kilo ni int. Nacho huchukua namba kamili tu. Basi C itakata ile nusu na kuitupa, na itaweka 85. Mara nyingi haitapiga kelele yoyote. Malipo yatatoka shilingi 170000, nayo haki ya mkulima ilikuwa 171000. Shilingi 1,000 zimepotea.

Hakuna aliyeiba. Karani aliandika kweli. Mizani ilisema kweli. Mashine ilitii. Lakini tuseme wakulima 300 wamepoteza nusu kilo kila mmoja: hizo ni shilingi 300,000. Tena ghalani zimebaki kilo 150 za korosho ambazo katika vitabu hazimo. Na korosho zisizo na mwenyewe hupata mwenyewe upesi. Hapo ndipo kosa la mwandishi wa programu hugeuka kuwa kishawishi kwa mtu mwingine, na Amri ya Saba huvunjwa mahali ambapo mwanzoni palikuwa na uzembe tu.

Je, dawa yake ni nini? Ni kuchagua chombo kinachofaa. Lipo neno double, ambalo hutaja chombo cha namba zenye desimali. Badala ya int kilo tunaandika double kilo. Badala ya int malipo tunaandika double malipo. Na katika printf, badala ya %d tunaandika %.2f, yaani namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta. Sasa jumla itatoka 171000.00. Njia nyingine ni kupima kwa gramu badala ya kilo, ili kusiwe na nusu ya kupotea.

Lipo na kosa la upande wa pili. Chombo int kina kipimo chake cha ukubwa pia. Katika kompyuta nyingi za siku hizi hakichukui namba iliyozidi 2,147,483,647. Kwa mkulima mmoja, shilingi hizo ni nyingi mno. Lakini jumla ya msimu mzima kwa chama kikubwa cha ushirika yaweza kupita hapo. Ikipita, hesabu huharibika. Mara nyingi hutoka namba iliyo chini ya sifuri, kana kwamba wakulima ndio wanaodaiwa! Mwandishi mwangalifu hufikiri mapema, akachagua chombo kikubwa zaidi, kiitwacho long long.

Twaona basi kwamba kuna makosa ya namna mbili. Ya kwanza ni makosa ya lugha: nukta-mkato imesahauliwa, bano halikufungwa, jina limeandikwa vibaya. Hayo huonwa na kompaila, nayo haiachi yapite. Ya pili ni makosa ya maana: programu imeandikwa kwa ufasaha lakini inasema jambo lisilo kweli. Hayo huvuka kirahisi. Yanahitaji mtu mwenye akili na mwenye dhamiri, atakayekaa chini na kujiuliza, "Hesabu hii, mkulima mwenyewe angeikubali?" Atachukua namba anazozijua jibu lake, atahesabu kwa mkono, kisha atalinganisha. Hatatoa programu kwa watu kabla ya kuijaribu kwa kilo kamili, kwa nusu, kwa robo, na hata kwa mkulima aliyekuja na gunia tupu.

Ndiyo maana twasema ufundi huu si wa akili tu. Ni wa uaminifu pia. Huku Pwani Wakristo na Waislamu tunakaa pamoja, na mizani yetu ni moja. Anayeandika programu ya haki amewatendea haki wote, hata asiowajua. Anayeandika kwa uzembe amewakosea wote kwa mara moja.

KUJIFUNZA BILA KOMPYUTA

Mzazi ataniuliza, "Mtoto wangu ajifunze vipi, nami sina fedha ya kompyuta?" Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa vitendo.

Jioni, baada ya chakula, tandikeni mkeka. Chukueni bakuli tatu, na juu ya kila moja mbandike karatasi yenye jina: kilo, bei, malipo. Mtoto mmoja ashike programu iliyoandikwa katika daftari, aisome mstari kwa mstari kutoka kwenye main. Mwingine awe kompyuta. Akisikia kilo = 85, aandike 85 katika kipande cha karatasi na kukiweka katika bakuli la kilo. Kama bakuli lina karatasi ya zamani, aitoe kwanza, maana chombo hubeba namba moja tu. Akisikia malipo = kilo * bei, asome karatasi za bakuli mbili bila kuziondoa, azidishe, na jibu aliweke katika bakuli la tatu. Akisikia printf, aseme kwa sauti. Hairuhusiwi kufikiri zaidi ya alilosomewa. Akiongeza neno lake mwenyewe, ameshindwa, na mwingine aingie zamu.

Watoto watacheka, nao watajifunza jambo ambalo wengi wenye kompyuta hawalijui: mashine hufanya lililoandikwa, wala si lililokusudiwa. Mtoto aliyezoea mchezo huu, siku atakapoiona kompyuta shuleni au mjini, hataanza kwa woga. Na zikipatikana njia, kompaila nzuri ipo bila malipo. Ile iitwayo GCC imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 1987. Zipo pia programu za bure zinazomwezesha kijana kuandika na kujaribu C katika simu. Basi saa moja ya simu yaweza kuwa saa ya kazi, kama mzazi akikaa karibu.

Tena msiseme jambo hili ni la wavulana. Sista Mary Kenneth Keller, mtawa wa Marekani katika Shirika la Masista wa Upendo wa Bikira Maria, alipata shahada ya udaktari katika elimu ya kompyuta mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alikuwa mmoja wa watu wawili wa kwanza kuipata shahada hiyo katika nchi ile. Kisha alianzisha idara ya kompyuta katika chuo cha Clarke, jimbo la Iowa, akaiongoza miaka 20, mpaka karibu na kufariki kwake mwaka 1985. Yaani, mwaka ule ule ambapo kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara yetu ya Fedha, mtawa alikuwa amekwisha kuwa mtaalamu mkubwa wa mashine hizo. Basi baba mwenye binti hodari wa hesabu asimwambie, "Wewe kaa jikoni, kompyuta ni ya kaka yako."

Na vijana wetu wanaye msimamizi wa rika lao. Mtakatifu Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, nchini Italia. Alijifunza mwenyewe kuandika programu angali mtoto, kwa vitabu vya wanafunzi wa chuo kikuu. Alitumia ujuzi huo kutengeneza tovuti ya kueleza miujiza ya Ekaristi, na alijiwekea kiasi katika michezo ya kompyuta ili isimtawale. Alifariki kwa saratani ya damu mwaka 2006, akiwa na miaka 15. Baba Mtakatifu Leo wa 14 alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wapenzi, hatusemi kwamba kila mtoto wa Msimbu awe mwandishi wa programu. Mihogo haina budi kulimwa, minazi haina budi kupandwa, na mikorosho haina budi kupaliliwa. Lakini twajua nini kilitokea zamani, wakati mzee asiyejua kusoma alipowekewa karatasi mbele yake, akaambiwa, "Weka dole gumba hapa." Wengi walipoteza mashamba kwa dole gumba. Watu walipojua kusoma, hila ile ilipungua nguvu. Leo karatasi ile imo ndani ya mashine. Kijiji chenye vijana wawili au watatu wanaoweza kuuliza, "Tuonyesheni jinsi programu hii inavyohesabu nusu kilo," hakitadhulumiwa kirahisi, wala hakitamtuhumu karani bure kwa kosa lisilo lake.

Hapo njiani kati ya Dar es Salaam na Kisarawe iko Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha shule ya wamisionari kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955. Vifaa vyake vilikuwa ubao na chaki. Elimu ya C nayo yaweza kuanza kwa ubao na chaki. Haba na haba hujaza kibaba.

ZOEZI LA NYUMBANI

Mama ana mafungu 7 ya mihogo, ana watoto 2. Someni programu hii kwa mchezo wa bakuli:

#include <stdio.h>

int main(void)
{
    int mafungu;
    int watoto;

    mafungu = 7;
    watoto = 2;

    printf("Kila mtoto apate %d\n", mafungu / watoto);
    printf("Yamebaki %d\n", mafungu % watoto);
    return 0;
}

Alama / ni kugawanya, na alama % iliyo nje ya alama za mtajo hutoa baki. Je, programu itaandika nini?

Jibu: Itaandika kwamba kila mtoto apate 3, na limebaki 1. Aliyejibu "tatu na nusu" arudi mkekani: vyombo vyote viwili ni int, na C hukata nusu. Kuhusu lile fungu moja lililobaki, programu haisemi apewe nani. Hilo ni juu ya mama.